Uzi wa vifaa vya kujitengenezea kwenye gari: tuanze na king'ora cha joto la hedi

waya_ndeeba
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa vifaa vya kielektroniki ambavyo mtu mwenye pasi ya kulehemu na mita anaweza kuviunda na kuvifunga kwenye gari lake. Taa za rangi chini ya viti zina uzi wake. Hapa weka saketi, taja thamani za vipuri, halafu useme kifaa kikifa gari litafanya nini. Hilo la mwisho ndilo watu huliruka.

Naanza na king'ora cha joto kinachopima chuma cha hedi (kichwa cha injini), si maji.

Kwa nini chuma? Sensa ya gari imezama kwenye maji. Paipu ya rejeta ikipasuka na maji yakaisha, sensa inabaki kwenye mvuke na hewa, na hewa haipitishi joto kama maji. Mshale unaweza hata kushuka huku hedi inapinda. Tena mishale ya Toyota nyingi imepangwa isimame palepale katikati hata joto likipanda na kushuka, dereva asipate wasiwasi. Ukiuona umeanza kusogea, umechelewa. Vitz nyingi hazina hata mshale: taa ya buluu ya baridi, nyekundu ya joto, basi.

Vipuri:
LM393 moja (chipu ya kulinganisha volti mbili) na soketi yake. 7805 ya kutoa volti 5 thabiti (ile kubwa, si 78L05). Thamista NTC (rezista ambayo ohmu zake hushuka joto likipanda) ya 10k, B 3950 (B ni kasi ya kushuka huko). Transista S8550 au BC327. Baza ya volti 12, ile inayolia yenyewe ukiipa umeme. LED nyekundu. Dayodi 1N4007. Dayodi ya kukata volti zilizozidi, P6KE24A. Trimpoti (rezista ya kurekebisha kwa bisibisi) ya 10k ya mizunguko mingi. Rezista: 1k mbili, 10k tatu, 4.7k moja, 1M moja, ohmu 22 ya wati 1 moja. Kapasita: 100µF ya volti 50, 10µF, na 100nF tatu. Fyuzi ya ampia 1 na kishikio chake.

Umeme: chukua kwenye fyuzi ya IG (ya injini, inayopata umeme ufunguo ukiwa ON), si ACC (ya redio na vifaa vidogo). Pitisha kwenye fyuzi ya ampia 1, halafu 1N4007, halafu rezista ya ohmu 22. Baada ya hapo weka P6KE24A na 100µF, vyote kwenda ethi (hasi). Olteneta ikipoteza betri ghafla (terminali imelegea, gari linaunguruma) hutoa volti nyingi kwa muda mfupi, na P6KE24A inazikata kabla hazijafika 35 ambazo 7805 huvumilia. Ukiiacha, kifaa kitafanya kazi vizuri mpaka siku terminali italegea.

Upimaji: rezista ya 1k kutoka volti 5 hadi thamista, na thamista hadi ethi. Sehemu wanapokutana inaingia pini 3 ya LM393 kupitia 10k. Trimpoti upande mmoja kwenye ethi, upande wa pili kwenye volti 5 kupitia 10k nyingine, mguu wa katikati kwenye pini 2. Rezista ya 1M inatoka pini 1 kurudi pini 3, ili king'ora kisiyumbe kikifika mpakani: kikishalia, joto lazima lishuke nyuzi 4 hivi ndipo kinyamaze. Pini 4 ethi, pini 8 volti 5. Weka 100nF kutoka pini 3 kwenda ethi, nyingine mbili mlangoni na mdomoni mwa 7805, na 10µF kwenye volti 5.

Kutoa sauti: pini 1 kwenda beezi ya S8550 kupitia 4.7k. 10k kati ya beezi na emita. Emita kwenye umeme wa volti 12 uliokwisha kupita rezista ya 22. Kolekta kwa baza, na LED yenye 1k yake sambamba.

Kurekebisha: usihangaike na jiko. Thamista ya B 3950 ina ohmu 934 kwenye nyuzi 90, 805 kwenye 95, 698 kwenye 100, 607 kwenye 105. Rezista ya 680 na ya 18 zikifuatana ni 698 kamili, na 560 na 47 ni 607. Funga hizo mahali pa thamista, anza trimpoti ikiwa upande wa ethi, zungusha polepole hadi baza ilie. Umemaliza.

kamunye_256
Sasa mkuu, sensa ya gari si ipo tayari? Mbona nisidake waya wake tu nikaweka king'ora changu hapo?

waya_ndeeba
Kwanza utakuwa unapima maji yaleyale yatakayokukimbia. Pili, waya wa sensa inayotumiwa na kompyuta ya injini ukiuongezea rezista nyingine, kompyuta inasoma joto tofauti, inabadilisha mafuta na wakati wa kuwasha feni. Hapo umejiletea ugonjwa mwingine.

AmpiaJinja
Saketi nzuri, ila ina shimo moja, na umelitaja mwenyewe bila kulijaza: kifaa kikifa gari litafanya nini?

Waya wa thamista ukiyeyuka ukagusa bodi, volti zinashuka hadi sifuri na baza inalia. Sawa, utajua. Lakini ukikatika, volti zinapanda hadi 5, ambayo kwa saketi ni baridi kali. Kimya. Na kwenye barabara za vumbi na mitikisiko waya hukatika mara nyingi kuliko kuyeyuka. Dereva ataendesha miezi akiamini analindwa.

LM393 ina nusu ya pili iliyolala. Iamshe hivi: pini 6 kwenye makutano ya 1k na thamista (kabla ya ile 10k), pini 5 kwenye volti 4.9 zinazotokana na 1k kutoka volti 5 na 47k kwenda ethi, na pini 7 iunganishwe na pini 1. Asubuhi ya nyuzi 5 kule milimani Kabale thamista inatoa volti 4.8 hivi, kwa hiyo baridi ya kweli haitakuletea kelele. Waya ukikatika zinapita 4.9 na baza inalia mara unapozungusha ufunguo. Injini baridi, baza inalia: waya umekatika. Haihitaji taa ya pili.

Sharti lake: pini 8 isipewe volti 5 tena. LM393 haioni vizuri volti zilizo ndani ya 1.5 za umeme wake. Ikila 5, mwisho wake ni 3.5, na hapo 4.9 haitaiona kabisa. Ipe umeme wa volti 12 uliochujwa, ule unaoingia 7805. Thamista na trimpoti zibaki kwenye 5.

waya_ndeeba
Imepita. Atakayeunda aunde ya AmpiaJinja. Rezista za kuongeza ni 1k moja na 47k moja.

kamunye_256
Thamista napata wapi? Maduka ya elektroniki mjini wananiletea za rangi rangi, hawajui ni B ngapi.

dada_volti
Ndugu kamunye, utaipata kwenye betri za laptopu zilizokufa, kwenye kiyoyozi kibovu, kwenye printa. Tatizo ni kwamba nyingi za betri za laptopu ni 10k kweli kwenye nyuzi 25, lakini B ni 3435 au karibu na hapo. Ukiitumia na hesabu za juu, king'ora kitachelewa mno: ohmu 698 utazipata wakati hedi imeshapita nyuzi 110.

Ipime hivi. Chemsha maji, ivalishe mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, iache ndani ya maji yanayotokota dakika 2, soma ohmu. Kumbuka Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96, si 100. Kwa hiyo B 3950 itasoma karibu 780, na B 3435 itasoma karibu 1,090. Huwezi kuzichanganya. Kabale yanachemka mapema zaidi, karibu 93 na nusu, hivyo tarajia kama 840 kwa ya kwanza.

Ikiwa ni 3435 usiitupe. Kwa nyuzi 100 weka rezista ya 1k mahali pa thamista wakati wa kurekebisha, itakupa hapohapo karibu na 990 inayotakiwa. Kwa 105 weka 820 na 56.

mlima_elgon
Saketi imeshaelezwa. Kinachoua vifaa hivi ni ufungaji.

Mahali: tafuta boliti ya M6 au M8 iliyoshika kitu kwenye hedi yenyewe, karibu na maji yanapotokea kwenda rejeta. Usikae upande wa egzosi, utapima egzosi. Usifunge kwenye kava ya plastiki ya juu wala kwenye kava ya vali, hizo ziko mbali na joto la kweli. Na usiguse boliti za kushikilia hedi kwenye bloku, hata kama zinafikika! Hizo zimekazwa kwa kipimo.

Kichwa: chukua terminali ya pete ya shaba inayoenea boliti yako, fungua mdomo wake, lalisha thamista humo, jaza gundi ya chuma ya sehemu mbili inayovumilia nyuzi 150 au zaidi. Thamista isiguse shaba moja kwa moja kwa miguu yake. Ivishe nyuzi za kioo. Iache ikauke usiku mzima. Ukiharakisha, gundi inabaki laini ndani, na ikipata joto inatoa mapovu na thamista inatoka mahali pake.

Waya: mbili, zisokotwe pamoja, zote zirudi kwenye kisanduku. Usifanye ujanja wa kuishikiza ethi ya thamista kwenye injini ili kuokoa waya mmoja. Injini na bodi hazina volti sawa taa, feni na AC zikiwaka. Kwenye nyuzi 100 saketi hii inasogea volti 0.034 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo tofauti ya volti 0.1 ya ethi inakudanganya nyuzi 3.

Kwa mitikisiko: waya uliolehemiwa hukatika pale risasi inapoishia, maana hapo umegeuka mgumu ghafla. Ubane kwa terminali, vuta mpira wa kusinyaa upite pale, na ushikize waya sentimita 5 kutoka kichwani ili usicheze. Wanaomwaga silikoni kila mahali wanuse kwanza: inayonuka siki inakula shaba. Tafuta isiyonuka siki.

mzee_gasketi
Vijana, mnapima matokeo mnaacha chanzo. Hedi inapata moto kwa sababu maji yamepungua. Pimeni maji mpate kujua dakika kadhaa kabla.

Boliti ya chuma kisichoshika kutu, inaingia kwenye maji, ina waya. Volti 5 kupitia 100k hadi kwenye boliti. Maji yakiigusa, umeme unavuja kwenda ethi na volti zinashuka; yakiondoka, zinapanda. LM393 hiyohiyo, mpaka uwe volti 2.5. Kapasita ya 47µF kutoka boliti hadi ethi inachelewesha king'ora sekunde 3 hivi, ili mapovu na kona zisikipigie kelele. Waya ukikatika kinalia, bila nusu ya pili.

Msipunguze ile 100k. Umeme mwingi wa upande mmoja ndani ya maji unakula chuma, na rejeta yenyewe ni alumini.

waya_ndeeba
Mzee, hoja naikubali, lakini watu wataiweka boliti kwenye chupa ya akiba kwa kuwa ndiyo rahisi kutoboa. Kwenye Toyota zetu nyingi chupa hiyo haina presha. Kifuniko cha rejeta kikichoka hakivuti maji kurudi. Chupa imejaa, rejeta tupu, king'ora kimya.

mzee_gasketi
Ndiyo maana sijasema chupa. Kata paipu ya juu ya rejeta, tia kiungo cha alumini chenye tundu la nyuzi, vile wanavyouza kwa ajili ya geji za joto. Pima kwanza paipu yako kwa kalipa, saizi ziko tofauti na kikilegea umejitengenezea ugonjwa uliokuwa unauzuia. Boliti iwe na shati ya plastiki isiyoyeyuka, ama sivyo alumini itaigusa na unaweza kuambiwa maji yapo hata yakiwa yamepungua. Kiungo chenyewe kiko kati ya mipira miwili, kwa hiyo ethi ni maji yenyewe hadi kwenye injini. Inatosha.

mlima_elgon
Kwa mtu wa kwanza kushika pasi ya kulehemu, aanze na hedi. Kukata paipu ya maji ni kuongeza sehemu mbili za kuvuja. Akishazoea aweke na ya mzee.

kamunye_256
Na nyuzi ngapi ndiyo sahihi? 100 au 105? Naona kila mtu na yake.

dada_volti
Hakuna namba moja ya magari yote, kwa sababu boliti yako si boliti ya jirani. Kabla ya kufunga kisanduku, funga thamista peke yake na mita ndani ya gari. Endesha saa za jamu na AC ikiwaka, kisha panda mlima mrefu kama una njia. Andika ohmu ndogo kabisa uliyoiona. Tuseme 880: hiyo ni nyuzi 92. Ongeza 8, rekebisha kwenye 100. Ukiweka karibu zaidi kitalia kila jamu na dereva atakitoa fyuzi. Ukiweka mbali zaidi ya 12, faida inapotea.

Ukiona thamista inazidi 105 wakati gari liko salama kabisa, kagua boliti kwanza: huenda iko karibu na egzosi. Na ukiona haifiki 70 hata baada ya nusu saa, huenda gari halina themostati (vali inayozuia maji hadi injini ipate moto). Mafundi wengi huitoa wakidhani wanasaidia. Irudishe, bila hiyo injini inakula mafuta zaidi na kompyuta inadhani bado ni baridi.

kijana_wa_Arua
Habari zenu wakubwa. Baza inalia kwa sauti ndogo kama mbu, hata injini ikiwa baridi. Nimefuata saketi ila 1M sikuipata, kuna 47k nikaweka, na ile 10k ya pini 3 nikaona haina kazi. Shida iko wapi?

AmpiaJinja
Shida ni hizo mbili ulizobadilisha, ndugu. Pini 1 ikiwa juu, haina nguvu yake yenyewe, inavutwa na ile 10k ya beezi. 47k inanyonya umeme kutoka hapo kwenda kwenye thamista, zaidi ya miliampia 0.1, na hizo zikipita kwenye 10k zinazaa zaidi ya volti 1. Transista inafunguka kwa volti 0.6 tu. Inafunguka nusu, baza inanong'ona. Kwa 1M hazifiki hata volti 0.2. Kama huna 1M, unganisha 470k mbili zikifuatana. Na ile 10k irudishe, ndiyo inayofanya 1M iwe na maana. Bila hiyo 1M haisogezi kitu.

kamunye_256
Wakati tupo hapa: vile vifaa vya kuchomeka kwenye soketi ya sigara au kwenye OBD (soketi ya kupimia kompyuta ya gari) vya kupunguza mafuta, kuna anayejua saketi yake?

waya_ndeeba
Fungua kimoja. Utakuta kapasita, rezista na LED, na vya OBD mara nyingi havijaunganishwa hata na pini za mawasiliano ya gari. Presha ya tairi inaokoa mafuta kuliko hicho. Tuendelee.

relei_87a
Kifaa cha bei ya chini kuliko vyote, na kinaokoa betri: king'ora cha taa zilizosahaulika. Vipuri viwili, baza ya volti 12 na 1N4007.

Chanya ya baza kwenye fyuzi ya TAIL (taa ndogo). Hasi ya baza kwenye dayodi, mstari wa dayodi uelekee fyuzi ya IG. Ufunguo ukiwa umewashwa, pande zote mbili zina volti 12, kimya. Ukizima ufunguo taa zikiwaka, upande wa IG unashuka hadi ethi kupitia vitu vingine vya gari, baza inalia. Dayodi inazuia umeme usirudi nyuma mchana, ufunguo ukiwa ON na taa zimezimwa.

Makosa mawili ya kawaida. Watu hudaka waya wa taa kubwa. Kwenye Toyota nyingi taa kubwa zinawashwa upande wa ethi, kwa hiyo chanya ipo pale muda wote na baza haitanyamaza. Tumia TAIL. La pili, hudaka ACC ambayo ina redio peke yake: redio haivuti vya kutosha kushusha waya hadi ethi, baza inalia kinyonge au hailii.

Unayetaka kuegesha na taa za pembeni bila kelele, hasi ipeleke kwenye swichi ya mlango wa dereva badala ya IG. Kitalia ukifungua mlango tu.

kamunye_256
Jina lako linanikumbusha: relei ya siri ya kukata pampu ya mafuta, wezi wakija. Nitumie mguu wa 87 au wa 87a?

relei_87a
Ukitumia 87, relei lazima iwe na umeme ndipo pampu ifanye kazi. Swichi yako ya siri ikichakaa, gari linazima katikati ya barabara kuu ya Northern Bypass, na lori nyuma yako. Ukitumia 87a, kifaa kikifa gari linaendelea, lakini mwizi akikata umeme wa kifaa naye anaendelea.

Mimi nisingegusa pampu kabisa. Kata waya wa kuwasha, ule unaotoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda relei ya stata. Hapo tumia 87 bila hofu: hakuna hitilafu ya upande huo inayoweza kuzima injini inayozunguka, baya kabisa ni gari kutowaka likiwa limeegeshwa. Kwenye gari lenye relei ya stata waya huo una umeme mdogo. Kwenye magari ya zamani unaenda moja kwa moja kwenye solenoidi, pima kwanza, unaweza kukuta ampia 10 na zaidi; weka relei ya 30A na waya wa milimita 2.5 za mraba.

Na wale wanaouza vifaa vya kuzima gari kwa simu likiwa mwendoni, wakimbieni. Injini ikizima, stelingi inakuwa nzito na breki zinabakiwa na msaada wa kukanyaga mara chache tu.

Waya za njano chini ya stelingi ni za mfuko wa hewa. Usizipime, usizitoboe.

kijana_wa_Arua
Redio ya gari inaishia FM 90. Stesheni karibu zote ziko juu ya hapo. Naweza kuunda kile kishushio cha mawimbi?

dada_volti
Unaweza. Redio za zamani za Japani zinashika 76 hadi 90, sisi tunarusha 88 hadi 108. Kishushio kinachanganya mawimbi ya antena na mawimbi yake yenyewe, kinatoa tofauti yake. Ukiwa na kristali ya 16 MHz (zimo kwenye bodi nyingi za Arduino), 97.3 inasikika kwenye 81.3. Utapata 92 hadi 106. Ukiwa na 12 MHz utapata 88 hadi 102. Zile 14.318 za bodi za kompyuta za zamani zinafanya kazi pia: 91.3 inaangukia karibu kabisa na 77.0.

Chipu ni SA612 au NE602, pini ni zilezile. Haitaki zaidi ya volti 8, ipe 5 za 7805 pini 8. Pini 3 ethi. Kristali kutoka pini 6 hadi ethi, 47pF kati ya 6 na 7, 47pF nyingine kati ya 7 na ethi. Pini 2 iende ethi kupitia 1nF. Antena: tengeneza koili ya mizunguko 5 ya waya wa 0.8mm juu ya kipini cha 6mm, ivute iwe na urefu wa 8mm, sambamba na trimakapasita ya 5 hadi 30pF. Antena iingie mzunguko mmoja kutoka upande wa ethi, upande wa juu uende pini 1 kupitia 1nF. Redio ichukue pini 4 kupitia 1nF.

Kinachoharibika: kristali ya 16 ina mwangwi wake kwenye 80.0 (mara tano), kwa hiyo stesheni iliyo 96.0 itazibwa, utasikia ukimya mtupu. Ikiwa stesheni unayoipenda ipo hapo, badili kristali. Karibu na minara, kama kilima cha Kololo, chipu inalemewa na stesheni zinapandana; punguza kwa rezista ya ohmu 100 kwenye antena. Kisanduku kiwe cha bati na ethi yake iwe kwenye ganda la plagi ya antena, cha plastiki kinapitisha mawimbi ya moja kwa moja.

Sema kweli, vilivyotengenezwa tayari vinapatikana kwa urahisi. Unda ukitaka kujifunza mawimbi. Ukitaka kusikiliza taarifa ya habari tu, nunua.

mlima_elgon
Kuna gari zina antena kwenye kioo cha nyuma yenye kikuza mawimbi. Kikuza hicho kinataka volti 12 kwenye waya wake mdogo, mara nyingi wa buluu. Ukibadili redio ukauacha hewani, kishushio utakilaumu bure.

kamunye_256
La mwisho kwangu: abiria wanataka kuchaji simu. Nimeona bodi za LM2596 za kushusha volti 12 hadi 5, zimeandikwa ampia 3.

AmpiaJinja
Hesabu ampia 2 bila kipozaji, na nyingi ni za bandia. Rekebisha volti 5.1 kwanza, ndipo uchomeke simu. Trimpoti yake inakuja imewekwa popote. Kikubwa: chipu ikiungua kwa kushoti, volti 12 nzima zinaenda kwenye simu za watu. Weka fyuzi ya ampia 2 mlangoni mwa bodi na dayodi ya P6KE6.8A kwenye mdomo wa 5V. Volti zikipanda, dayodi inabeba, fyuzi inakatika. Trimpoti ikishakaa sawa, idondoshee tone la rangi ya kucha, mitikisiko ya kamunye (basi dogo la abiria) inaisogeza.

Na usipige kamba ya USB zaidi ya mita 2 kwa waya mwembamba. Volti zinaishia njiani, simu inaonyesha inachaji huku asilimia inashuka, na abiria wa kiti cha nyuma ndiye atakayekuambia.

kijana_wa_Arua
Baza imenyamaza baada ya kurudisha 10k na 470k mbili. Nimeweka 698, inalia inapotakiwa. Kesho natafuta boliti.

waya_ndeeba
Kabla ya boliti, chomoa waya mmoja wa thamista ukiwa ON. Isipolia, angalia pini 8.